Mji Uliomo Kichwani mwa Mwendesha Boda

Siku hizi ukiita boda hapa Kisumu, mara nyingi huulizwi unakokwenda. Unatuma lokesheni, unangoja dakika chache, kijana anafika simu ikiwa imebanwa kwenye usukani na mstari wa buluu umeshamchorea njia. Wanaouza nguo na vyakula mtandaoni nao wanatafuta vijana wa kupeleka mizigo, na swali lao la kwanza ni kama una simu nzuri na bando ya kutosha. Kama unaijua mitaa ya Manyatta au Obunga, hilo halina uzito tena. Mabadiliko haya yamezaa maoni mawili ambayo nayasikia kila nikikaa steji au nikipanda matatu. Wa upande mmoja wanasema kuujua mji kumepitwa na wakati, sawa na kukariri namba za simu. Wa upande wa pili wanalalamika kwamba simu zinaua akili za vijana, na kwamba wakongwe wa Kondele walizaliwa na ramani kichwani ambayo hatutaiona tena. Naona wote wanakosea mahali pamoja. Hawajajiuliza kumbukumbu ya mtu aliyebobea imeundwa na nini.

Msimamo wangu ni huu: ubobezi hauongezi ukubwa wa kumbukumbu, unaupa mji mpangilio unaokumbukika, na mpangilio huo humjia tu mtu anayeamua njia yeye mwenyewe, anayepotea na kujirudisha. Basi ni ufundi, kama ushonaji au uvuvi. Unafundishika, una gharama yake, na unaweza kutoweka kizazi kimoja tu kikiacha kuujenga. Tukiuona hivyo, maswali yetu kuhusu simu, mafunzo na malipo ya waendesha boda yatakuwa mengine kabisa.

Nianze na jambo dogo nililoliona kwa macho yangu. Kuna steji karibu na soko la Kibuye yenye ubao wa drafti uliochorwa kwa makaa juu ya kipande cha mbao. Kete ni vifuniko vya soda, vya mchezaji mmoja vimelala kifudifudi, vya mwenzake chali. Alasiri moja nilikuwa nimejikinga mvua hapo, mchezo umepamba moto, abiria akaja mbio akitaka kupelekwa Mamboleo. Mmoja wa wachezaji akainuka kwa haraka, goti likagonga ubao, vifuniko vikamwagika hadi kwenye matope. Nilidhani mchezo umeishia hapo. Mzee aliyebaki akainama, akaviokota, akavipangusa kwa kitambaa cha kufutia tangi, akaanza kuvirudisha kimoja kimoja huku akinong'ona: "Hii ilikuwa imekinga hii. Hizi mbili zilikuwa zinangoja mtego wangu. Hapa alikuwa amejifunga mwenyewe." Mwenzake aliporudi alitazama ubao, akaketi, akasema, "Sawa, omera, zamu ni yako." Mimi nilikuwa nimeutazama ubao ule ule kwa nusu saa na nisingeweza kurudisha hata nusu yake. Nilikuwa nimeona vifuniko. Yeye alikuwa ameona mitego, vikingio na kosa la mwenzake, na vitu vitatu vyenye maana ni vyepesi kubeba kuliko vifuniko kumi na vitano visivyo na maana.

Jambo hili limepimwa maabara. Katika miaka ya 1940 mwanasaikolojia wa Uholanzi, Adriaan de Groot, alionyesha kwamba mabingwa wa sataranji wanaweza kuutazama ubao kwa sekunde chache tu kisha wakaupanga upya karibu wote. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani walirudia jaribio hilo na kuongeza hatua moja ya busara sana. Walipoonyesha ubao wa mchezo halisi kwa sekunde 5, bingwa alirudisha takriban kete 16 mahali pake, mchezaji wa kati kama 8, anayeanza kama 4. Kisha wakazitawanya kete zile zile ovyo ovyo, bila mpangilio wa mchezo wowote. Hapo bingwa akaanguka hadi kiwango cha anayeanza. Macho yalikuwa yale yale, kichwa kile kile, sekunde zile zile. Kilichoondolewa ni maana. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba hata kwenye ubao uliovurugwa bingwa hubaki na nafuu kidogo, kwa kuwa hata katika vurugu hutokea vipande viwili vitatu vinavyofanana na kitu anachokijua, lakini nafuu hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na ile ya ubao halisi. Mtaalamu hukumbuka kwa mafungu, na mafungu hayo ameyafunga mwenyewe kwa miaka ya kucheza.

Sasa turudi barabarani. Mji wa Kisumu unateremka kutoka vilima vya Riat hadi ziwani, na mteremko huo ni dira ambayo mwenyeji haihitaji kuitafuta: akipotea usiku Manyatta, miguu na injini vinamwambia upande wa ziwa uko wapi. Juu ya mteremko huo mkongwe ametundika majina ambayo kila moja limebeba historia yake. Hospitali ya rufaa ambayo rasmi ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, yeye anaiita Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Vibanda vya samaki vya Lwang'ni vilibomolewa, lakini ukimwambia mkongwe akushushe Lwang'ni atakushusha pale pale vilipokuwa. Anajua njia ipi ya udongo hugeuka utelezi baada ya mvua ya saa moja, ni wapi mto Auji ukifurika hutenganisha sehemu mbili za Nyalenda, ni kichochoro gani hufungwa geti usiku, na kwamba Jumapili, siku kuu ya soko la Kibuye, njia iliyo fupi siku nyingine zote inakuwa ndiyo ndefu. Haya yote hayamo kichwani mwake kama orodha. Yamefungamana. Mvua inagusa udongo, udongo unagusa njia, njia inagusa saa ya abiria kufika kazini. Ndiyo maana ukimtajia sehemu moja tu, nyingine kumi zinaamka.

Kuna mahali duniani ambako ufundi wa namna hii ni sharti la kisheria, na ndiko ulikochunguzwa kwa undani zaidi. Madereva wa teksi nyeusi za London hawapati leseni hadi wajue barabara zipatazo 25,000 zilizo ndani ya maili sita, takriban kilomita 10, kutoka Charing Cross, katikati ya mji. Kwa kawaida huwachukua miaka mitatu hadi minne. Na wanajifunzaje? Wengi hupanda pikipiki ndogo, wamefunga karatasi za njia mbele ya usukani, wakazunguka mtaa kwa mtaa kwenye baridi na mvua, kisha wanarudi kuitwa mbele ya mtahini anayewataka wasimulie kwa mdomo, kona kwa kona, njia ya kutoka mahali hapa hadi pale. Yaani kabla ya kuwa madereva wa teksi wanakuwa, kwa maisha yao ya kila siku, waendesha boda. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walichapisha picha za ubongo za madereva 16 kati yao. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo kidogo ndani ya ubongo kinachohusika na kumbukumbu za mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwao kuliko kwa watu wengine, na ilizidi kadiri dereva alivyokaa kazini muda mrefu.

Hapo ndipo watetezi wa kipaji huingia. Husema: labda wenye hipokampasi kubwa ndio wanaovutiwa na kazi hiyo na kuimudu, kama vile warefu wanavyovutiwa na mpira wa kikapu. Lilikuwa swali la haki mwaka 2000, ila mwaka 2011 lilipata jibu. Katherine Woollett na Maguire waliwafuata wanafunzi 79 tangu wanaanza mafunzo, pamoja na watu 31 wasiojifunza. Mwanzoni makundi hayakutofautiana, si katika ubongo wala katika majaribio ya kumbukumbu. Baada ya miaka mitatu minne, wanafunzi 39 walifuzu, na ni kwao tu sehemu ile ya nyuma ilionekana imeongezeka. Waliojaribu wakashindwa hawakubadilika. Bado unaweza kusema waliofuzu walikuwa na ustahimilivu au nafasi ya kusoma ambayo wengine hawakuwa nayo, na hilo nalikubali. Waliofuzu ndio waliotumia saa nyingi zaidi kwa juma mafunzoni. Lakini ramani ya kuzaliwa nayo haikuonekana popote. Kwa hiyo nikisikia mtu akimsifu mwendesha boda mkongwe kwa kusema "huyu ni wa kuzaliwa," naona anamnyang'anya miaka yake ya kazi.

Jambo linalonigusa zaidi katika tafiti hizi ni lile la madereva wa basi. Mwaka 2006 Maguire na wenzake waliwalinganisha madereva wa teksi wa London na madereva wa basi wa mji huo huo. Wote wanaendesha siku nzima, foleni zile zile, abiria wale wale, miaka ile ile ya uzoefu. Tofauti ni moja: wa basi anafuata njia aliyopangiwa. Na mabadiliko ya sehemu ya nyuma ya hipokampasi yalikuwa kwa wa teksi tu. Tafsiri yake kwa Kisumu ni rahisi kuiona. Dereva wa matatu ya kutoka mjini hadi Kondele anaweza kuifanya safari hiyo mara elfu kumi akawa stadi wa gia, foleni na makanga, bila mji kupanuka kichwani mwake hata kidogo. Mwendesha boda wa steji hiyo hiyo, ambaye kila abiria ni swali jipya, anajenga ramani. Kukaa barabarani peke yake hakumfanyi mtu mjuzi wa mji. Kinachomfanya ni kuamua. Na hapa ndipo suala la simu linapokuwa zito, kwa sababu kijana anayefuata mstari wa buluu siku nzima yuko juu ya boda, lakini kichwa chake kiko kwenye basi.

Kabla sijaendelea na simu, niseme neno kuhusu gharama, kwa kuwa wanaousifu ubobezi huisahau. Madereva wale wa teksi walifanya vibaya kuliko wengine walipotakiwa kuangalia mchoro mgumu wa mistari na kuuchora upya baada ya muda. Waliofuzu mwaka 2011 walionyesha upungufu huo huo, ambao hawakuwa nao walipoanza. Katika utafiti mwingine, walipofundishwa mji mgeni waliumudu vizuri, ila walipotakiwa kuunganisha mitaa mipya na London waliyokwisha kuijua, walipata shida kuliko wasio madereva. Ramani yao ilikuwa imeshikamana mno kukubali kiraka. Kwa hiyo ile dhana kwamba kumbukumbu ni kama msuli, ukiukaza kwa jambo moja unakuwa hodari kwa yote, haina msingi. Mzee wa drafti hana hakika ya kukumbuka siku ya kuzaliwa ya mjukuu wake. Na mkongwe wa Kisumu akihamia Nakuru ataanza karibu upya, akibaki na jambo moja la thamani: anajua namna ya kuanza.

Wanaoitetea simu wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Simu imempa kazi kijana aliyekuja mjini juzi kutoka Bondo au Vihiga, ambaye zamani angekaa miezi steji akichekwa kwa kutojua njia. Imempa abiria mwanamke nafasi ya kumtumia dada yake safari yake ilipo. Imepunguza ule ubishi wa bei unaoanza na "ni mbali, mama." Haya ni mema ya kweli na sitaki yarudi nyuma. Hoja yao dhaifu ni ile inayodai kwamba simu imechukua mahali pa ujuzi, kana kwamba ni kitu kile kile kilichohamishiwa kwenye kioo. Mwaka 2017 watafiti wa London, akiwamo Hugo Spiers, walichunguza ubongo wa watu 24 waliokuwa wakisafiri kwa video katika mitaa ya Soho, London. Walipotafuta njia wenyewe, shughuli katika hipokampasi ilipanda kila walipoingia mtaa mpya, na zaidi pale njia za kuchagua zilipokuwa nyingi. Walipofuata maelekezo ya kifaa, mwitikio huo haukuonekana. Simu, basi, inamfikisha mtu bila kumfundisha. Kwa mteja mwenye haraka hilo halina neno. Kwa kijana anayetaka kuifanya kazi hii miaka kumi, ni kazi isiyomwachia akiba yoyote. Miaka kumi ya njia ambazo hakuzichagua, na siku chaji ikiisha anakuwa mgeni katika mji aliouzunguka mara elfu.

Upande wa wanaolia nao unahitaji kupunguza sauti. Utafiti wanaoutaja mara nyingi ni wa Louisa Dahmani na Véronique Bohbot wa Montreal, uliochapishwa mwaka 2020. Uliwapima madereva 50, na waliozoea zaidi kuongozwa na kifaa walikuwa na kumbukumbu dhaifu ya mahali wanapotafuta njia bila msaada. Wachache wao, 13, walipimwa tena baada ya miaka mitatu, na walioongeza matumizi walikuwa wameshuka zaidi. Ni dalili ya kuzingatiwa, lakini watu 13 hawatoshi kukihukumu kizazi kizima. Vivyo hivyo ile habari ya Desemba 2024 ambayo bado inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikisema udereva wa teksi ni kinga ya ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu uzeeni. Watafiti wa Marekani walipitia rekodi za vifo karibu milioni 9 na kazi 443, wakakuta kati ya madereva wa teksi takriban asilimia 1 walikufa kwa Alzheimer, na kati ya madereva wa ambulensi pungufu ya hapo, huku wastani wa jumla ukiwa kama asilimia 1.7. Madereva wa basi na marubani hawakuwa na nafuu hiyo. Inavutia, na inalingana na tuliyoyaona kuhusu kuamua njia. Ila rekodi za vifo hazithibitishi sababu, na watafiti wenyewe walisema hivyo. Inawezekana kabisa kwamba mtu ambaye kumbukumbu yake inaanza kudhoofika huiacha kazi hiyo mapema. Asiambiwe mama yeyote wa Nyalenda kwamba mwanawe akipanda boda atazeeka na akili timamu, wakati hatari iliyo karibu naye ni ya barabarani.

Tukiyaweka haya pamoja, naona mambo mawili yanafuata. Kwanza ni malipo. Safari inayolipwa kwa kilomita na dakika haina mahali pa kumlipa anayeujua mji, na mtu hawekezi miaka katika kitu kisicholipwa. Lakini ujuzi huo una wateja wake, na wengi ni wale ambao hawawezi kungoja: mgonjwa wa saa nane usiku, mama aliyeshikwa na uchungu ndani kabisa ya Obunga ambako pini ya ramani ya simu huangukia upande usiofaa wa mtaro, zahanati inayohitaji dawa kabla ya mvua kufunga njia. Vyama vya waendesha boda vingeweza kuwa na orodha ya watu waliopimwa na kujulikana kwamba wanaujua mji, na hospitali na maduka ya dawa yakawalipa zaidi kwa hilo. Neno lenyewe boda lilizaliwa kwetu huku magharibi, kwenye mpaka wa Busia, kwa watu wa baiskeli waliojua kukuvusha. Waliuza kujua njia kabla ya kuuza mwendo.

Pili ni mafunzo. Kwenye leseni tunamfundisha kijana alama za barabarani, kofia ya chuma na breki, na ni sawa. Kuujua mji tunamwachia bahati. Sipendekezi simu izimwe. Napendekeza mpangilio ubadilike: kijana aamue njia kwanza, aiseme kwa mdomo, ndipo atazame simu imesemaje, na tofauti kati ya hizo mbili iwe ndiyo somo lake la siku. Inachukua nusu dakika kabla ya kuwasha pikipiki. Mtahini wa London hafanyi jambo kubwa kuliko hilo.

Na kuna wanaolifanya tayari, bila kuambiwa na mtu. Kwenye steji ile ya Kibuye, mzee wa drafti ana tabia ya kumwita kijana mgeni wakati abiria hawapo. Nimemsikia akimuuliza: "Uko Dunga. Saa tisa usiku, mvua imepiga tangu jioni, Auji imejaa. Mama anaumwa na uchungu, anataka Russia. Simu imezima. Unapita wapi?" Kijana akafumba macho, akainua mkono mmoja kana kwamba ameshika usukani. Akaanza: "Natoka Dunga, sishuki Nyalenda, napanda na..." Akanyamaza. Mzee hakumsaidia. Akarudisha kifuniko kimoja nyuma ubaoni na kungoja.